Jina Moja, Mahali Pengi: Habari za Jina la Bismarck

(Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Limepigwa chapa kwa ajili ya wale wanaopenda kulisoma tena polepole.)

Nawasalimu wazee wangu, mama zangu na vijana wenzangu mliokusanyika jioni hii katika madarasa ya Karatu, Rhotia, Endabash na Mbulumbulu, na ninyi mlioko juu Ngorongoro, ambao najua kwamba saa hii kila mmoja amekwisha jifunika blanketi lake. Mwalimu wa darasa, tafadhali sogeza redio karibu na wale walioketi nyuma. Kisha andika ubaoni neno hili moja: Bismarck. Ni B, i, s, m, a, r, c, k. Msihangaike na ile c iliyo mbele ya k. Zote mbili hutamkwa kama k moja tu. Ninyi watu wa Karatu mmezoea kuandika jina la Qurus kwa herufi ya q, ambayo haimo katika alfabeti ya Kiswahili, basi hii c haitawashinda.

Somo la leo limetokana na barua. Nimeipata kutoka darasa moja la huko Karatu, na imeandikwa na mzee ambaye, kama asemavyo mwenyewe, mwaka juzi alikuwa bado anatia sahihi kwa kidole gumba. Mzee huyu alikwenda Mwanza kumtazama binti yake aliyejifungua. Huko akaonyeshwa jiwe kubwa lililosimama majini, akaambiwa, "Hili ndilo Jiwe la Bismarck." Aliporudi nyumbani akawasimulia wenzake darasani. Mmoja akasema, "Hapana, Bismarck ni meli ya vita iliyozama." Mwingine, ambaye ujanani alikuwa akibeba mizigo ya wapanda mlima Kilimanjaro, akasema, "Bismarck ni kibanda cha wageni mlimani, nilisikia wazee wa Marangu wakikiita hivyo." Wakabishana mpaka mwalimu akagonga meza.

Lakini mzee hakuandika kwa ajili ya ubishi tu. Mwisho wa barua yake anasema hivi: darasa lao linajengewa chumba kipya. Mtu mmoja wa mbali, ambaye hajapata kufika Karatu, ametoa fedha za mabati na saruji, naye anaomba chumba kiitwe kwa jina la ukoo wake. Mahali penyewe pana jina lake la tangu zamani. Darasa limegawanyika. Wengine wanasema, "Jina ni maneno tu, bati ni bati." Wengine wanasema, "Tukikubali, wajukuu wetu watamwuliza nani jina la zamani?" Mzee anataka kujua jinsi jina la mtu linavyoweza kufika mahali ambapo mwenyewe hakufika.

Swali hilo ni jema sana. Nitalijibu kwa jina hilo hilo la Bismarck, kwa kuwa sijui jina jingine lililotembea namna hiyo.

Kwanza, jina hili lilitoka wapi? Huko kaskazini ya Ujerumani kuna mji mdogo uitwao Bismark. Jina la mji huo huandikwa bila c. Ni mji wa wakulima, na mtu akipita kwa gari la moshi anaweza kulala usingizi asiuone. Mwaka wa 1270, katika mji wa jirani uitwao Stendal, aliandikwa katika hati mtu mmoja jina lake Herebord von Bismarck. Neno "von" kwa Kijerumani maana yake ni "wa" au "kutoka". Basi Herebord von Bismarck ni Herebord wa kutoka Bismark. Ni desturi hiyo hiyo ya pwani yetu, ambako watu waliosema asili yao ni mji wa Shiraz huko Uajemi wakaitwa Washirazi.

Sasa sikilizeni vizuri. Huyu Herebord hakuwa mfalme wala mwana wa mfalme. Alikuwa mkuu wa chama cha wafanya biashara ya nguo. Alipima vitambaa. Baadaye watoto na wajukuu wake wakapata mashamba, wakapata ngome, wakapata vyeo, na baada ya miaka mingi watu wakawahesabu kuwa ni watu wa ukoo bora tangu kuumbwa kwa dunia. Mimi hucheka kidogo kila nisomapo habari hii. Jina likishakaa juu sana, watu husahau kwamba lilianzia chini, dukani, kwenye mkasi na kitambaa.

Kwa hiyo mwanzoni mahali ndipo palipowapa watu jina. Baadaye mambo yakageuka: mtu mmoja wa ukoo huo akawapa mahali pengi jina lake, bila kwenda huko.

Mtu huyo ni Otto von Bismarck. Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1815. Ndiye aliyeziunganisha nchi nyingi ndogo za Kijerumani zikawa dola moja mwaka wa 1871, akawa Waziri Mkuu wake, au Chansela kama wenyewe wasemavyo, mpaka mwaka wa 1890. Akafa mwaka wa 1898. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwenye masharubu mazito, na mwenye ujanja wa siasa uliowatisha wafalme. Kwanza hakuwa na hamu ya makoloni. Aliona kwamba ni gharama na matata. Lakini mwishoni mwa mwaka wa 1884 kijana mmoja Mjerumani, Carl Peters, aliingia bara kutoka pwani yetu akafanya mikataba na machifu wa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Ilikuwa mikataba iliyoandikwa kwa lugha ambayo waliotia alama zao hawakuweza kuisoma. Wanafunzi wangu, hapo pasomeni mara mbili. Waliotia alama hawakuweza kusoma.

Wakati huo huo mkutano wa mataifa ya Ulaya ulikuwa ukifanyika Berlin, na Bismarck ndiye mwenyeji wake. Ulikwisha tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake, tarehe 27 Februari, mfalme wa Ujerumani akatia sahihi barua ya kuipa kampuni ya Peters ulinzi wa dola. Hivyo ndivyo Wajerumani, ambao babu zetu waliwaita Wadachi, walivyoingia katika nchi hii. Bismarck mwenyewe hakufika Tanga wala Bagamoyo. Aliiona nchi hii katika karatasi tu.

Basi tuje kwenye ramani yetu. Jina la Bismarck liliandikwa mahali patatu ambapo mimi napajua vema katika nchi hii, na kila mahali mambo yalikwenda njia yake.

Mahali pa kwanza ni Mwanza, kwenye jiwe alilolitazama mzee wetu. Ni jiwe lililosimama juu ya mawe mengine karibu na ukingo wa ziwa, kama mtu aliyelibandika akaondoka kwa haraka. Wajerumani wakaliita kwa jina la Chansela wao. Tena liko katika ziwa ambalo Mwingereza Speke alilipa jina la malkia wake, Victoria, alipoliona mwaka wa 1858. Basi pale pana jiwe la waziri ndani ya ziwa la malkia, na wote wawili hawakupata kutia hata kidole katika maji yale. Wajerumani wameondoka tangu mwaka wa 1916, Waingereza wameondoka, bendera zimebadilika, na jiwe bado laitwa Bismarck. Wapiga picha wanalipenda. Watoto wa Mwanza hulitaja jina hilo kama vile ni neno la Kisukuma.

Mahali pa pili ni kusini ya Ziwa Tanganyika. Hapo Wajerumani walijenga boma wakaliita Bismarckburg, maana yake ni Ngome ya Bismarck. Leo mahali pale paitwa Kasanga, katika Mkoa wa Rukwa. Mtu akikwambia "Nakwenda Bismarckburg" leo, utadhani amepotea. Boma lilichukuliwa katika vita mwaka wa 1916, na jina likaondoka pamoja na bendera. Halikuwa limeingia vinywani mwa watu. Lilikuwa jina la ofisini, la mihuri na bahasha.

Mahali pa tatu ni Kilimanjaro, na hapa yule mbeba mizigo wa Karatu alisema kweli. Katika njia ya Marangu, kwenye urefu wa mita 2,700 hivi, Wajerumani walijenga kibanda cha kulala wapanda mlima wakakiita Bismarck. Juu yake, kwenye mita 3,720, walijenga kingine wakakiita kwa jina la Peters. Na kilele chenyewe kilikwisha kupewa jina la mfalme Wilhelm na Hans Meyer alipokifikia mwaka wa 1889. Mlima mzima ukawa kama meza ya karamu Berlin: mfalme juu, Peters katikati, Chansela chini.

Jina la Peters mlimani lilikuwa la kuumiza kuliko yote. Wazee walimwita Mkono wa Damu. Alipokuwa mkuu wa kituo cha Kilimanjaro, mwaka wa 1891 na 1892, aliwanyonga mtumishi wake na msichana mmoja, na mwaka wa 1897 Serikali yake yenyewe ikamfukuza kazi kwa ajili hiyo. Hata hivyo kibanda kikaitwa kwa jina lake kwenye mlima ule ule.

Usiku wa uhuru, Desemba 1961, mwenge uliwashwa kileleni na kilele kikaitwa Uhuru. Vibanda navyo vikapata majina mapya. Kile cha Bismarck sasa ni Mandara. Kile cha Peters sasa ni Horombo. Mwalimu, andika ubaoni: Mandara, Horombo. Wote wawili walikuwa mangi, yaani watawala wa Wachaga. Horombo alikuwa mangi wa Keni, upande wa Rombo, zamani kabla Wazungu hawajafika mlimani. Mandara, ambaye jina lake la nyumbani ni Rindi, alikuwa mangi wa Moshi akafa mwaka wa 1891.

Yaani jina la mtu mkubwa liliondolewa, likawekwa jina la mtu mkubwa mwingine. Na habari ya Mandara ina fundo ndani yake. Ni yeye aliyefanya mkataba na wajumbe wa kampuni ya Kijerumani mwaka wa 1885, akiwatumaini kuwa rafiki dhidi ya adui zake. Mwanawe Meli ndiye aliyepigana na Wajerumani akawashinda mwaka wa 1892, na wakamnyonga mwaka wa 1900. Kama ningeulizwa mimi, kibanda kile kingeitwa Meli. Lakini sikuulizwa, nami nilikuwa sijazaliwa.

Sasa tutoke nje ya nchi yetu kidogo, kisha tutarudi nyumbani. Yule aliyesema Bismarck ni meli hakukosea. Meli ya vita ya Wajerumani yenye jina hilo iliteremshwa majini Hamburg mwaka wa 1939. Mwezi wa Mei 1941 ilizamisha meli kubwa ya Waingereza, na siku tatu baadaye, tarehe 27 Mei, nayo ikazama katika bahari ya Atlantiki pamoja na watu zaidi ya 2,000. Otto alikuwa amekwisha kufa miaka mingi. Hakuitengeneza, hakuiamuru, lakini watu wengi duniani wakisikia jina lake leo hukumbuka chuma kilichozama.

Sisi pia tunayo meli ya namna hiyo, nayo ilikuwa na bahati nzuri zaidi. Mwaka wa 1915 Wajerumani waliteremsha meli Kigoma wakaiita Graf von Götzen. Neno "Graf" ni cheo cha ukoo bora, na huyo Götzen alikuwa Gavana wa nchi hii tangu 1901 mpaka 1906, wakati wa Vita vya Maji Maji. Vita vilipokuja mwaka wa 1916 mafundi wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui. Mwaka wa 1924 Waingereza wakaiinua kutoka majini, na mwaka wa 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa upande wa kusini. Wasafiri wengi waliopanda Liemba maisha yao yote hawakujua kwamba iliwahi kuwa na jina la gavana.

Huko Marekani kuna mji mkuu wa jimbo la Dakota ya Kaskazini uitwao Bismarck. Wazee wa darasa la Karatu, huu ndio unaowahusu ninyi. Mji huo ulianza mwaka wa 1872 kwa jina la Edwinton, kwa heshima ya mhandisi wa reli. Mwaka uliofuata, 1873, kampuni ya reli ilihitaji fedha. Wakafikiri hivi: Ujerumani kuna watu wenye mali, nao wanampenda Chansela wao. Tukiupa mji jina lake, labda watatoa mitaji yao, na wahamiaji watakuja. Wakabadili jina. Mhandisi Edwin akafutwa, na Otto, ambaye hakuombwa kubeba hata tofali moja, akaandikwa. Ndiyo, ndugu zangu, jina la mahali laweza kutiwa sokoni kama gunia la vitunguu vya Mang'ola. Na jina hilo limekaa mpaka leo, miaka mia na hamsini imepita, ijapokuwa fedha za reli zilikwisha zamani.

Tena kuna visiwa katika nchi ya Papua Guinea Mpya viitwavyo Visiwa vya Bismarck, vilivyopewa jina hilo mwaka wa 1884 na Wajerumani walipoviteka. Nchi ile ilipata uhuru mwaka wa 1975 na jina likabaki. Na katika bustani za Dar es Salaam mtaweza kuona mti wa jamii ya mvumo, wenye majani mapana ya rangi ya fedha. Asili yake ni Bukini, yaani Madagascar, na wataalamu wanauita Bismarckia. Watu wa Bukini waliujua mti ule, wakaezekea nyumba majani yake, kabla ya Otto kuzaliwa.

Je, watu wenye jina hilo leo wote ni jamaa? Wale wa ukoo wenyewe ni jamaa, lakini wa matawi mengi, na hawafanani. Herbert, mwana wa Otto, alikuwa waziri wa mambo ya nje chini ya baba yake. Mjukuu mmoja wa Otto, Gottfried, alitiwa mbaroni kwa habari ya njama ya kumwua Hitler mwaka wa 1944. Na mmoja wa tawi jingine, Klaus von Bismarck, alifanya kazi kama yangu, ila kwa mshahara mkubwa zaidi: tangu 1961 mpaka 1976 alikuwa mkuu wa kituo kikubwa cha redio na televisheni huko Cologne. Jina moja, na mmoja ni chansela, mmoja ni mfungwa, mmoja ni mtu wa redio. Lakini mwamba, meli, mji, visiwa na mti vyote vyamtaja Otto peke yake.

Kuna kisa kingine cha jina la pamoja ambacho lazima niwasimulie, kwa kuwa kina hila ndani yake. Ni habari ya yule Peters tena. Mwaka wa 1939 barabara moja ya Berlin ilipewa jina lake. Baada ya miaka mingi watu wakaanza kulalamika: mtu yule alikuwa mwuaji. Basi mwaka wa 1986 wakuu wa mji wakasema, "Tangu leo barabara hii inamheshimu Peters mwingine." Huyo ni Hans Peters, mwanasheria aliyempinga Hitler. Kibao hakikubadilishwa hata herufi moja! Jina lile lile, mtu mwingine. Wengine wakaona ni busara, wengine wakaona ni kuwacheza shere waliodhulumiwa. Ubishi ukaendelea, na mwezi wa Agosti 2024 barabara ile ikagawanywa ikapewa majina mapya mawili, na sehemu moja sasa yaitwa Maji-Maji. Mjerumani anayekaa pale akiandika barua, lazima aandike Maji-Maji juu ya bahasha. Ningependa babu zetu wangeliona jambo hilo.

Sasa turudi nyumbani. Karatu na Ngorongoro mnakaa juu ya majina yasiyo ya waziri wala malkia. Oldeani ni mianzi, kwa lugha ya Kimasai. Lerai ni ule mgunga wenye gome la manjano. Olmoti ni chungu cha kupikia. Kabla ya vita vya mwaka wa 1914 ndugu wawili Wajerumani, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walikuwa na mashamba ndani ya kreta ya Ngorongoro. Kwa sikio langu jina lao hufanana na maneno ya Kijerumani ya "chungu kinachochemka", basi labda mlima wa Olmoti uliwaona kama jamaa! Walikuwa na nyumba na ng'ombe. Wameondoka, na mto bado ni Munge na msitu bado ni Lerai.

Hata pale jina la wenyeji lilipobaki, halikubaki salama. Bonde ambalo dunia yote yalijua kwa jina la Olduvai ni Oldupai, yaani mkonge wa mwitu unaoota pale. Mgeni alisikia vibaya, akaandika alivyosikia, na vitabu vyote vikafuata kosa lake. Na mwaka wa 1959, Mama Mary Leakey alipookota fuvu la zamani katika bonde hilo, fuvu lilipewa jina la kitaalamu lenye neno "boisei", kwa heshima ya Bwana Charles Boise aliyetoa fedha za uchunguzi. Mnaona? Mambo ya barua ya mzee wetu si mageni katika wilaya yenu.

Wala msidhani kwamba majina ya koo za watawala ni habari ya Wazungu tu. Mkwawa wa Wahehe alipigana na Wajerumani mpaka akafa mwaka wa 1898, na mjukuu wake Adam Sapi Mkwawa akawa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Iringa kuna chuo chenye jina hilo, na nchi ile ndiyo aliyoitawala. Huko kwenu, wakati Karatu ilipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbulu, uchaguzi wa mwaka wa 1960 uliwakutanisha watu wawili wenye majina ya kichifu. TANU ilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Herman Sarwatt, mwenye jina la chifu wa Wairaqw, akasimama kwa nafsi yake. Viti vyote vya Bunge vilikuwa 71, na TANU ikapata 70. Kile kimoja kilikuwa cha Mbulu, nacho kilikwenda kwa Sarwatt. Mwaka wa 1963 uchifu ukaondolewa kwa sheria, lakini majina yakabaki kwa watu, kama yanavyopaswa.

Mzee wangu uliyeniandikia, sasa nakujibu wewe. Jina la mtu hufika mahali asipopajua kwa sababu mtu mwingine, mwenye kalamu, alikuwa na haja naye. Nahodha alitaka kumpendeza waziri, kampuni ilitaka fedha, mtaalamu alitaka kumshukuru tajiri. Na mara nyingi wenyeji hawakuulizwa, kwa kuwa hawakuwa na kalamu.

Ninyi mmeulizwa, na kalamu mnazo. Hayo ndiyo mabadiliko. Mimi si diwani wenu wala mjumbe wa kamati yenu, nami sina amri juu ya chumba kile. Lakini mkitaka maoni yangu, ni haya: mtoaji wa bati anastahili shukrani, tena shukrani iliyoandikwa. Andikeni jina lake na mwaka kwenye kibao kidogo ukutani, ndani, ambapo kila anayesoma atamwona na kumwombea heri. Mlangoni, nje, liandikwe jina la mahali, kwa maana mtu aliyepotea njia huuliza jina la mahali. Mwandikieni barua ninyi wenyewe mkamweleze hivyo kwa adabu. Msimwachie mtu wa ofisini awaandikie. Kama ni mtu mwema, atafurahi zaidi kupata barua kutoka kwa wanafunzi wa kisomo kuliko kuona jina lake juu ya mlango. Kama atakasirika na kurudisha bati lake, basi mtakuwa mmejua alikuwa ananunua nini.

Najua wengine hapo darasani mnanung'unika, mkisema, "Ofisa huyu analala chini ya paa lisilovuja." Ni kweli. Mvua za masika haziningojei mimi. Ndiyo maana nasema ni maoni, na ninyi mpige kura.

Kabla ya kipindi kijacho kuna kazi. Kila mmoja achague jina moja la mahali karibu na kwake: kilima, kijito, njia panda, hata mti mkubwa. Amwulize mtu aliyemzidi umri: nani alipaita hivi, lini, na kabla ya hapo paliitwaje? Kisha aandike mistari minne au mitano. Jina la mahali na jina la mtu huanza kwa herufi kubwa siku zote, hata likiwa katikati ya sentensi. Majina ya Kiiraqw na Kimasai yaandikeni kama yanavyotamkwa na wenyewe, na kama mna shaka, mwombeni mwenye lugha alitamke mara tatu polepole kabla hamjatia wino. Wanaokaa karibu na Oldeani wasiniletee mianzi, nimekwisha kuitaja.

Mwalimu, kusanya karatasi zote uzitie katika bahasha moja. Na yule mzee aliyekwenda Mwanza, nakuomba uandike kwa mkono wako matokeo ya kura. Nitayasoma hapa hapa redioni, kwa vyovyote yatakavyokuwa.

Kipindi kijacho tutasoma jinsi ya kujaza fomu ya posta. Kwaherini.